Ubeti Usio na Andiko

Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala na mwalimu wa kwaya, na wimbo wake mmoja tu ndio ulioingia katika kitabu cha nyimbo cha kanisa letu la Kilutheri. Alikuwa na namna yake ya kutunga. Asubuhi alisoma andiko, akafunga Biblia, akaenda kupiga randa. Maneno yaliyobaki kichwani hadi adhuhuri ndiyo aliyoyaandika. Mengine, alisema, yameanguka na maranda.

Ubeti wa kwanza ulitoka Zaburi ya mia na thelathini, mtu analia akiwa vilindini. Wa pili ulitoka Injili ya Marko, Bwana amelala chomboni na dhoruba inavuma. Wa tatu, ambao ndio wa mwisho, haukuwa na andiko.

Mwaka huu kitabu kinachapishwa upya, na kamati imetaka kila ubeti uandikiwe andiko lake chini. Katibu wa kamati ni mwanangu, mchungaji. Jumamosi alikuja na mkewe, akala, akaosha sahani yake mwenyewe. Mkewe alicheka, akasema nyumbani kwao hata karo la kuoshea vyombo hajui liko upande gani. Kisha mwanangu akaweka karatasi mezani.

Alikuwa ameuondoa ubeti wa tatu na kutunga mwingine, wa kilio kinacholala usiku na furaha inayoamka asubuhi. Ulikuwa mzuri, sitamsingizia. Alinieleza kwa upole kwamba ametafuta andiko la ule wa baba wiki mbili asilione, na kwamba wimbo haufai kuishia gizani.

"Mama, watu wakiimba vile watarudi nyumbani na mzigo."

"Walikuja nao, mwanangu."

Nikamwomba ausome ule wa zamani kwa sauti. Akasoma:

*Wewe usikiaye, mbona umenyamaza?*
*Nimebisha hodi hadi mkono umekufa ganzi.*
*Taa uliyonipa imezimika kifuani,*
*nami nasimama gizani, nakuita.*

Nikamwambia nilichomficha miaka arobaini na tatu. Wiki ile baba yake hakufungua Biblia. Tulikuwa sakafuni hospitalini na binti yetu mgonjwa, dada yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, na maneno yale niliyasema mimi. Mume wangu aliyaandika nyuma ya cheti cha dawa. Sikujua kama ni sala au ni matusi.

Mwanangu aliuliza dada yake aliumwa siku ngapi. Tisa, nikasema. Hakuniambia pole. Alivuta kiti karibu, akafungua Zaburi ya themanini na nane, akaiweka mbele yangu, akanipa miwani, nikaifuta. Alisema hiyo aliifahamu tangu chuoni, ila aliiruka alipotafuta, kwa kuwa haina faraja.

Nilisoma kwa kidole, polepole. Mtu analia mchana na usiku. Anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake. Nilingoja mwisho afarijiwe kama kwenye zaburi nyingine, lakini neno la mwisho ni giza, na zaburi imekwisha.

Iliniuma. Miaka yote hiyo nilidhani nimemtukana Mungu peke yangu.

"Niandike hii?" aliuliza. "Baba hakuitoa hapa."

"Hakuitoa hapa," nikasema. "Lakini aliyeiandika naye alikuwa sakafuni. Andika."

Akachana karatasi yake, akaunakili ubeti wa baba yake upya. Mkono ulimsimama kwenye neno "taa", nami nikajifanya natafuta chumvi.

Kamati ilibishana saa nzima, ubeti ukapita kwa kura moja. Mwenyekiti alimwambia mwanangu kwamba amewapa waumini jiwe badala ya mkate, na tangu hapo hawasalimiani vizuri. Hilo linaninyima usingizi.

Jumapili iliyopita tuliuimba wimbo huo. Beti mbili za kwanza niliziweza. Wa tatu ulinishinda, nikasimama tu na kitabu. Mshona nguo aliyekuwa pembeni yangu, ambaye hajui lolote, alisogea bega likagusa langu, akapandisha sauti, akaimba sehemu yake na yangu.