Nyuma ya Mkia

Kwenye klabu yetu ya kutembea milimani, mtu anayekuja wa mwisho tunamwita mkia. Ana kazi mbili: asiache mtu nyuma yake, na asiache msituni kitu chochote kilichokuja na sisi. Tunapopanda, anayeongoza hufunga kitambaa chekundu kwenye tawi kila mahali njia inapogawanyika, tusije tukapotea wakati wa kurudi. Tunaposhuka, mkia huvifungua vile vitambaa na kuvitia mfukoni. Ndindi wa Buruburu, mwenyekiti wetu, hana mchezo na jambo hilo. "Mlima si wetu," husema. "Tulichoingia nacho, tunatoka nacho. Hata ganda la yai, Triza, nimekuona."

Jumamosi ile ya Julai mkia alikuwa Wasike, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi. Yeye na mume wangu Wesonga ni watu wa Bungoma, kwa hiyo mimi, Nyawira wa Ol Kalou, alishanifanya shemeji yake siku ya kwanza tulipoonana, na tangu hapo utani haukuisha.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza tangu nijifungue. Mtoto wangu Khalayi alikuwa na miezi mitano. Tunakaa mtaa wa Pipeline, orofa ya sita, chumba ambacho jua tunalisikia kwa majirani, na miezi ile nilikuwa nimeanza kulia nikifua nepi bila kujua nalia nini. Nesi wa kliniki aliniambia, "Mama, toka nje utembee." Nitembee wapi? Pipeline ukitoka nje unakutana na ukuta wa ploti nyingine ya ghorofa. Lakini asubuhi isiyo na mawingu, ukipanda juu kabisa kwenye kamba za nguo, unaona mlima kwa mbali, umekaa peke yake kama mtu aliyechoka kelele. Nilikuwa nikianika nguo nauangalia. Basi Triza, rafiki yangu tuliyesoma naye masomo ya jioni kule mtaa wa Tena, aliposema klabu inakwenda huko, nilikubali kabla hajamaliza.

"Huo mlima unaitwaje?" mama mkwe aliniuliza alfajiri, akimpokea mtoto.

"Kilimambogo, mama."

"Na jina hukulisikia ulipokuwa ukilitamka?"

"Kuna askari wa mbuga mwenye bunduki. Yeye hutangulia mbele."

"Mbele. Haya." Akamweka Khalayi begani. "Huyu wajina wangu hataki chupa, hataki kijiko, anataka wewe. Haya maziwa uliyokamua yakiisha, mimi yangu yalikauka zamani. Usichelewe, mwanangu."

Nilimbusu mtoto kisogoni, nikashuka ngazi mbio nisije nikabadilisha mawazo.

Kupanda kulikuwa kutamu, siwezi kusema uongo. Baridi ilituuma masikio, mbega wakatuangalia kutoka juu kama wenye nyumba wanaohesabu wageni. Njiani tulifanya kazi yetu ya kila safari: mahali watu walipokata kona na mvua ikachimba mtaro, tulibeba udongo kwa magunia tukajaza, kisha tukaburuta matawi makavu tukaziba hiyo njia ya mkato. Mikono yangu ilinuka majani mabichi. Huko kileleni nilicheka kitu alichosema Wasike, nikajishangaa, maana kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu hospitali.

Tulipoanza kushuka ndipo kifua kilipoanza kuuma.

"Triza, nimejaa," nikamnong'oneza.

"Umejaa nini? Chapati umekula mbili tu."

"Maziwa, wewe!"

"Ai. Sasa?"

"Wacha niingie hapo kando nikamue kidogo. Nisubiri hapa hapa. Na tafadhali usiwaambie wanaume. Wasike ataniimbia njia nzima mpaka tufike Donholm."

"Akiniuliza nitasema nini?"

"Sema chochote."

Niliingia kichakani, nikapita mti mmoja na mwingine mpaka nikapata mmoja mnene wa kunificha. Nikageuzia njia mgongo. Kukamua kwa mkono si kazi ya haraka, na ukiwa na wasiwasi maziwa nayo hugoma. Nilimfikiria Khalayi anavyokunja kidole changu akinyonya, ndipo yakashuka. Nikasikia watu wakipita kule njiani, na sauti nzito ya Wasike ikiuliza kitu, na ya Triza ikijibu. Nikatabasamu. Halafu sauti zikashuka, zikashuka, na mimi bado upande mmoja.

Nilipoinua kichwa, mti niliokuwa nimeupita kwanza haukuwepo. Ukungu ulikuwa umeumeza.

Nikafunga vifungo mbio, nikarudi njiani. Triza hakuwepo. Nikamwita, kwa sauti ndogo kwanza, kama mtu anayeona aibu kupotea. Nikadhani ametangulia hatua chache, basi nikashuka na njia hadi pale inapogawanyika. Nilipakumbuka vizuri: jiwe kubwa lenye kuvu nyeupe, na juu yake tawi lililoinama, na kwenye tawi kitambaa.

Kitambaa hakikuwepo.

Nilisimama nikilitazama lile tawi, na akili yangu ikachelewa kuelewa. Vitambaa hufunguliwa na mkia. Mkia hufungua akishahakikisha hakuna mtu nyuma yake. Kwa hiyo mkia alikuwa amepita, na mimi nilikuwa mahali ambapo kwa hesabu ya klabu hapana mtu. Msitu ulikuwa safi, kama tunavyotaka siku zote. Hapakuwa na alama hata moja kwamba binadamu alishawahi kufika.

Nikatoa simu. Mtandao hakuna. Mbele yangu njia zilikuwa tatu, maana wanyama nao wana njia zao, na kwenye ukungu zote zilifanana. Miguu ilitaka kukimbia, yoyote, popote, mradi chini. Ndindi alitufundisha kwamba aliyepotea asitafute njia, akae alipo atafutwe. Ni rahisi kukubali hivyo mkiwa kanisani Tena na chai mkononi. Nilikumbatia mti uliokuwa karibu na njia panda, nikaegemeza paji la uso kwenye gome lake, nikawaza: maziwa yamebaki kikombe kimoja pale nyumbani. Labda hata hicho kimekwisha.

Ndipo nikasikia harufu.

Harufu ya zizi. Ile ile ya kwa nyanya yangu Ol Kalou asubuhi, samadi na nyasi zilizotafunwa. Moyo wangu ulifurahi! Nikasema kuna ng'ombe hapa, na palipo na ng'ombe kuna mchungaji, na mchungaji atanionyesha barabara. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hodi nilipokumbuka kwamba ndani ya mbuga hakuna ng'ombe wa mtu.

Mdomo ukabaki wazi. Nikasikia pumzi, nzito, kama mtu anayepuliza jiko. Ukungu ukasogea kidogo na nikamwona: mgongo kwanza, wenye matope yaliyokauka, kisha pembe. Alikuwa peke yake, dume zee, amesimama kukingama kwenye njia ya kushoto, anakula. Kati yetu palikuwa na nafasi kama ya chumba chetu cha Pipeline, kutoka kitandani mpaka mlangoni.

Sikupumua. Nilijibandika kwenye mti. Na mwili wangu, mwili huu usiojua wakati wa kunyamaza, ukaachilia maziwa. Niliyasikia yakilowesha sweta, ya moto, na nikaanza kuyaogopa maziwa yangu mwenyewe, kwa sababu mnyama ana pua. Nikaomba. Sikuomba maneno ya maana. Nilisema tu, Khalayi, Khalayi, Khalayi, ndani kwa ndani.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nilianza hata kuamini kwamba atashiba aende zake.

"Shemejiii!"

Sauti ya Wasike, kutoka chini, ikipanda.

"Shemeji, toka! Ukinipotea, Wesonga atanichomelea mdomo na mashine yangu mwenyewe!"

Mbogo aliacha kutafuna. Akainua kichwa, na kichwa kile kikageuka polepole kuelekea kule sauti ilikotoka. Wasike alikuwa anapanda na ile njia ya kushoto. Kwenye ukungu ule asingemwona mpaka amguse.

Wacha niseme ilivyokuwa: nilinyamaza. Nilijua la kufanya na nikanyamaza. Nikijibu, yule mnyama angegeukia kwangu. Nisipojibu, labda Wasike angechoka arudi, labda mbogo angeondoka, labda. Mtoto wangu hana mama mwingine. Niliwaza hivyo, waziwazi, kwa maneno.

"Shemeji! Usinifanyie hivi, bana. Mimi pia nina watoto nyumbani!"

Alisema kwa utani, lakini sauti ilikuwa imepasuka katikati. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anapanda peke yake kwenye ukungu, anaogopa, na bado anakuja.

Mbogo alipiga hatua kumwelekea.

"Wasike, simama!" Sauti ilinitoka kama si yangu. "Mbogo! Yuko mbele yako! Panda mti!"

Sijawahi kuona kitu kikubwa kikigeuka upesi hivyo. Nilizunguka mti, mikono bado imeukumbatia, na upande niliotoka nikasikia gome likipasuka. Kitu kilinipiga begani, sijui ni tawi sijui ni nini, nikaanguka. Ardhi ikatetemeka chini ya shavu langu. Matawi yakavunjika, yakavunjika tena mbali kidogo, halafu kimya.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Sikujua ameenda au amesimama ananiangalia. Nililala nikiangalia chungu akipita kwenye jani, nikasema moyoni nikisogea atakuja, nikisogea atakuja.

"Shemeji?" Sauti nyembamba, kutoka juu. "Umekufa?"

"Sijui."

"Ukijibu hujafa. Kaa hivyo hivyo. Mimi niko mtini, na sijui nilifikaje."

Tulikaa hivyo, yeye juu, mimi chini, mpaka askari wa mbuga alipofika na bunduki mkononi, Ndindi na Triza nyuma yake. Askari aliinama akasoma nyayo, akatazama jeraha la ule mti, akanitazama mimi. "Ameondoka," akasema, "lakini hajaenda mbali. Tunashuka sasa hivi, pamoja, na hakuna kuongea."

Triza alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza. Hakuweza kutii amri ya kunyamaza. "Aliniuliza kama kuna mtu nyuma," akaninong'oneza, machozi yakimtiririka. "Nikaona nitamwambiaje eti uko kichakani na matiti nje? Nikamwambia umetangulia. Akasema basi nisibaki nyuma yake. Nikapunguza mwendo ili utufikie, Nyawira, naapa nilipunguza. Hukutokea, nikamwambia ukweli, naye akarudi mbio."

"Mimi ndiye niliyekuambia useme chochote."

"Kimya," akasema askari, bila kugeuka.

Tulishuka tukishikana kama watoto wa nasari. Kila jani lililodondoka lilitusimamisha. Wasike alikuja nyuma yangu kabisa, na niliisikia pumzi yake kisogoni, na mara tatu nne nilidhani si yake, nikageuka, naye kila mara akaniambia kwa midomo tu, "Ni mimi."

Msitu ulipoanza kupungua tuliwakuta wenzetu wamesimama pamoja wakitungoja, na papo hapo simu yangu ikapata mtandao. Ikalia mkononi. Mama mkwe.

"Uko wapi? Mbona simu haipiti? Maziwa yameisha kitambo, na huyu amekataa maji, amekataa wimbo, ananipiga ngumi za uso."

Nyuma ya sauti yake nikamsikia Khalayi. Alikuwa analia kile kilio cha hasira, cha kukatika pumzi kisha kuanza upya, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Maziwa yakatoka yote kwa pamoja, pande zote mbili, mbele ya watu. Nikatazama chini nikaona sweta lote limelowa mpaka tumboni.

Kule kando kulikuwa na kichaka kizuri, kimejificha. Nilikitazama na nywele zikanisimama.

"Jamani, subirini," nikasema. "Mtoto analia na mimi nina maziwa. Nataka kukamua. Na siendi kando tena."

Askari alikohoa. Kijana mmoja alianza kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa. Nilidhani Wasike atatania, nikamngoja, lakini hakusema kitu. Uso wake ulikuwa bado na rangi ya majivu, na mkononi alikuwa ameshika vile vitambaa vyekundu, amevikunjia ngumi.

"Wanaume, mmesikia," akasema Ndindi. "Geukeni."

Wakageuka. Hawakuondoka, walinizunguka, migongo kwangu, nyuso msituni, na Wasike akasimama upande ule tuliotoka. Triza alichuchumaa nami akanishikia simu sikioni. Nilikamua nikilowesha nyasi, nikitazama kati ya miguu ya watu, kule ambako ukungu ulikuwa bado unatembea kati ya miti. Niliogopa bado. Mengine nikayamwaga kwenye viatu.

"Mbona umenyamaza?" mama mkwe aliuliza. "Uko na nani huko?"

"Niko na watu, mama," nikasema. "Niko katikati yao. Mwambie nakuja."