Nukta Zilizotulia

Siku tisa mfululizo, nukta kwenye chati yangu zilikaa palepale: 12.6, 12.6, 12.6. Mwenye kinu, Mulwa, alifurahi akanipongeza. Mimi niliingiwa na hofu.

Chati hiyo niliichora nilipoajiriwa katika kinu chake cha unga huko Kalamba: mstari wa katikati, mmoja wa juu ambao unyevu haupaswi kuupita, mmoja wa chini. Kila asubuhi unyevu wa mahindi hupimwa na nukta kuwekwa. Mahindi ya wakulima tofauti hayawezi kulingana. Lazima nukta zipande kidogo, zishuke kidogo. Tena wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nukta zisizotikisika hazikutoka kwenye mahindi. Zilitoka kwenye kalamu.

Mpimaji alikuwa Mama Kaveke, aliyenipokea kama bintiye. Nilimkuta ghalani, nikamwomba anionyeshe anavyopima. Alichota punje guniani, akaiuma kwa magego. Ikalia ka.

"Umesikia? Kavu."

Nikauliza kipimo cha unyevu kiko wapi. Alisema betri zake ziliisha, na alipomwambia Mulwa, Mulwa alicheka akasema meno yake yanatosha. Basi akawa anaandika nambari iliyompendeza kila mtu.

"Mahindi nimeyauma tangu kabla mama yako hajaolewa," alisema. "Nyinyi wa digrii mnataka yaongee Kizungu?"

Sikuweza kucheka. Nilichomoa betri za rimoti ya ofisini, tukapima magunia manane. 14.9. 15.3. 14.7. Yote yalipita mstari wa juu. Meno husikia ganda lililokaushwa na jua. Hayasikii maji ya ndani, wala ukungu. Na huku kwetu watu wamezikwa kwa sababu ya sumu kuvu, ile inayoletwa na ukungu huo.

Mama Kaveke alitoa simu. Unga wa siku hizo ulikuwa umepelekwa shule ya bweni ambako dada yake, Mumbua, ni mpishi. Nilisema tumwambie Mulwa kwanza. Akanishika mkono kunizuia, akapiga kwa kipaza sauti.

"Mumbua, ule unga wetu usiupike. Hata kuku usiwape."

"Maji ndiyo yanachemka, sijatia bado," Mumbua alijibu. Nikashusha pumzi. "Lakini jana na juzi walikula. Kwani kuna nini, dada?"

Mama Kaveke alifumba macho.

"Sikupima," alisema. "Mwambie mwalimu mkuu awaangalie watoto. Anayetapika apelekwe hospitali, asingojee. Mimi nakuja."

Kinu kilikuwa bado kinanguruma. Nilikimbia kukizima. Mulwa alitoka ofisini akiuliza ni nani aliyethubutu. Nilimwambia ni mimi, kisha nikamweleza yote, na kwamba sampuli lazima ifike maabara leo.

Hakunifokea. Alianza kuhesabu kwa vidole kila mahali unga ulikofika, akinong'ona: shule, maduka ya Malili, mzigo wa Mwingi. Vidole vya mkono mmoja vikaisha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, tuanzie wapi.