Sentensi Chini ya Picha

Gazeti lilisema kwamba balozi anazungumza Kiswahili kama mzaliwa wa pwani, naye Risper aliamini. Kwa nini asiamini? Sentensi hiyo ilichapwa chini ya picha ya balozi mwenyewe, siku aliyopokewa mjini Migori, mkono ameunyoosha na kinywa ki wazi, watu waliomzunguka wakicheka kwa raha. Kesho yake angekwenda Homa Bay kufungua ghala la barafu la wavuvi, na akina mama wakaushao omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru walikuwa wamealikwa kumwimbia. Kiongozi wa nyimbo zao alikuwa Risper.

Mumewe, Maurice, alikamatwa ziwani na askari wa doria wa nchi jirani, wakati watu walipokuwa wakipanda mahindi. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala hapakuwa na ofisi upande huu iliyokiri kumjua. Mashua za askari wale zilikuwa msaada kutoka nchi ya balozi. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa gazetini.

"Nitamwimbia wimbo wa kilio, nimtaje Maurice," alimwambia mama mkwe wake, Eucabeth. "Salamu ataisahau. Kilio hakisahauliki."

Eucabeth aliuweka ungo chini, akamwita kwa jina la kwao, binti wa Asumbi. "Nyar Asumbi, kilio ni cha maiti. Umliliapo mtu aliye hai, unamchimbia kaburi."

"Na nikinyamaza, mama, ni nani atakayemtoa?"

"Nenda. Lakini ukiliimba jina la mwanangu kwa sauti ya matanga, usiukanyage tena ua wangu."

Mfa maji haishi kutapatapa. Risper alikwenda.

Gatini Homa Bay, mwimbaji mwenzake Awino alimkaza kitambaa kichwani. "Imba vizuri, nyar Asumbi. Mgeni akikupenda akuchukue, sisi tubaki tukigawana omena zako."

"Hata ungo wangu huuwezi, Awino," alijibu Risper.

Walikuwa wamejizoeza wimbo wa kukaribisha kwa Kijaluo. Risper alipofungua kinywa, alianza kwa Kiswahili, polepole, asipoteze neno hata moja:

"Maurice, mume wangu, kitanda chako kinakuuliza.
Nani aliyekufunga ng'ambo ya maji?"

Wenzake waliitikia mara ya kwanza. Mara ya pili sauti zao zilikatika. Bibi mmoja nyuma ya umati alijishika kichwa kwa mikono miwili, kama afanyavyo mtu aliyefika penye msiba. Risper hakuwatazama. Alikuwa akiutazama uso wa balozi.

Balozi alitabasamu. Akainuka kitini, akatikisa mabega kulia na kushoto, akacheza. Wakubwa waliokuwa kando yake wakainuka nao, wakacheza. Kisha akaifikia maikrofoni: "Asanteni sana! Habari zenu!" Umati ukapiga makofi, na yaliyosalia akayasema kwa Kiingereza.

Mwandishi Nicanor, ambaye jina lake lilikuwa juu ya ile habari ya Migori, alikuwa ameegemea ukuta wa ghala akiandika kwenye simu. Risper alilisoma jina kwenye beji.

"Ni wewe uliyeandika kwamba anajua Kiswahili?"

"Mama, alisalimia. Mhariri alitaka neno la kuwapendeza watu."

"Nimemlilia mume wangu angali hai kwa ajili ya neno hilo."

Nicanor alikuwa amezaliwa Rangwe, Mjaluo kama wao. Hakuhitaji kufafanuliwa maana yake. Vidole vyake vilisimama.

"Sasa andika jingine," alisema Risper. "Andika kwamba balozi ameahidi kumtafuta Maurice."

"Hakuahidi."

"Na Kiswahili hakukijua."

"Nitafukuzwa kazi, mama."

"Mimi nimekwisha kufukuzwa nyumbani. Wakubwa wakisoma wataamini, nao wataanza kupigiana simu. Mimi niliamini, nami si mjinga."

Msafara ulikuwa ukiondoka, magari yakitimua vumbi kuelekea barabara kuu. Nicanor alitaka kuyafuata. Risper alimkamata mkono wa shati, wala hakumwachilia.

Nicanor aliyatazama magari hadi la mwisho lilipokata kona.

"Maurice nani?" aliuliza.

"Obare."

Akaandika, naye Risper akamwambia amsomee.

"Balozi ameahidi kulifuatilia suala la mvuvi Maurice Obare, anayeshikiliwa ng'ambo ya ziwa."

Moyo wa Risper uliinuka, ukaamini, kabla hajakumbuka sentensi ile imetoka wapi.

"Soma tena," alisema.