Matambara ya Lydia

Fundi Eliufoo wa Hedaru hakupenda kuitwa fundi cherehani. Alitaka aitwe fundi wa suti, kwa sababu kabla ya vita alikuwa Tanga, na huko, kwa maneno yake mwenyewe, aliwashonea makarani wa reli na Mzungu mmoja wa shamba la mkonge. Suti zenyewe hakuna aliyepata kuziona. Pale Hedaru watu walimletea kaptula za khaki zilizopasuka makalioni na kanzu za kukunja pindo, naye alizipokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayemwinua panya kwa mkia.

Hata cherehani haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Mwanahalima, mjane mwenye duka karibu na stesheni, na Eliufoo alishonea barazani pake.

Siku moja ya gulio akaja mwanamke kutoka Mamba, kule milimani, jina lake Lydia, na mfuko wa vipande vya nguo. Mlikuwa na chiti, kaniki, marekani na khaki, vyote vimekatwa kwa kipimo, vingine miraba, vingine pembetatu. Akaeleza kwamba mama yake amezeeka, baridi ya milimani inamwingia mifupani, na blanketi lake limebaki nyuzi. Alitaka vipande viungwe viwe nyota, kila nyota katika mraba wake, nyota ishirini, kisha zote zishonewe juu ya lile blanketi. Kazi hiyo alifundishwa na bibi mmoja wa misheni kwa cherehani ya mkono, lakini yule bibi alikuwa amerudi kwao, na cherehani akaondoka nayo.

Eliufoo aliinua vipande viwili vitatu, akaviachia vidondoke mfukoni. Akawauliza waliokuwa barazani kama wamesikia kwamba siku hizi huko Mamba watu hukata nguo nzima ili wapate taabu ya kuiunga tena. Watu wakacheka. Akaongeza kwamba matambara ni ya kufungia vidonda na kuzibia madirisha.

Lydia alingoja kicheko kiishe. Kisha akamwomba ashone nyota moja tu, na ikimshinda atarudi nayo nyumbani.

"Inishinde?" Eliufoo alisema. "Mama, hii nitaimaliza kabla chai yangu haijapoa."

Akaanza. Lydia alimwambia kila mshono uwe na upana wa nusu kidole, usizidi wala usipungue. Eliufoo akajibu kwamba macho yake yanajua upana. Alimwambia pia pembetatu zisivutwe, maana upande uliokatwa mshazari hulegea. Akazivuta. Kwa kweli chai haikupoa, lakini nyota ilipowekwa mezani ilituna katikati kama kofia, ncha zake tatu zikiwa zimemezwa na mshono, na upande mmoja ulipungua kidole kizima. Eliufoo alichukua pasi ya mkaa akaigandamiza kwa nguvu. Alipoinua pasi, kitambaa nacho kikainuka.

Akasema kosa ni la mkataji.

"Mkataji hana kosa," Lydia alisema. "Mshono mmoja ukikosea kwa uzi mmoja huuoni. Ikiwa minane, umepoteza kidole. Fumua, fundi, uanze upya."

Eliufoo alimtazama miguu yake yenye vumbi, akapandisha macho polepole mpaka kwenye kilemba. Akasema hajazaliwa mwanamke anayenuka moshi wa milimani wa kumfundisha yeye mshono.

Bi Mwanahalima alikuwa amesimama mlangoni tangu pasi ilipowekwa. Hakumpenda sana Eliufoo, ila hakuwa na fundi mwingine.

"Eliufoo," alisema, "ondoka kitini."

Eliufoo alidhani anatania. Alipoona hatanii, aliondoka.

Lydia alikaa. Hakuwa amewahi kutumia cherehani ya miguu, na mara ya kwanza gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika. Eliufoo akacheka, safari hii peke yake. Lydia alitunga uzi upya, akajaribu kwenye kipande kibovu mpaka miguu ikaelewa. Ndipo akashona. Kila mshono ulipokwisha alisimamisha gurudumu, akaulaza mshono kwa pasi, akaupima kwa kidole, akaendelea. Alichukua muda mrefu. Wengine walichoka wakaenda sokoni. Nyota ilipokamilika ililala mezani kama karatasi, ncha zote nane kali.

Bi Mwanahalima aliigeuza, akautazama upande wa ndani, halafu akamwomba Lydia awe anashuka kila gulio ashone hapo, matambara yake na kaptula za watu pia. Lydia alisema atamuuliza mumewe, lakini uso ulikwisha kukubali.

Eliufoo alikunja futi kamba yake. Aliwatangazia waliobaki kwamba hawezi kushirikiana cherehani na jalala, akapanda lori la Same jioni ile ile. Hakuna aliyemzuia.

Miezi mitatu baadaye alirudi kuchukua mkasi wake mkubwa. Kazi ya Lydia ilikuwa imekwisha, imetandazwa kwenye kamba barazani ili ikunjwe ipelekwe Mamba. Lydia, aliyekuwa kwenye cherehani, alimsalimu, naye akaitikia kwa kidevu. Kisha akalisogelea lile blanketi. Alipitisha kidole gumba kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine, juu na chini, akaiinua pembe moja kwenye mwanga, akaivuta, akaiachia. Lydia aliacha kukanyaga cherehani, akashangaa kuona anangoja neno la mtu kama yule.

"Rangi hazipatani," Eliufoo alisema, akatia mkasi kwapani, akaondoka.

Alipokwisha kwenda, Lydia alisimama akaitazama kazi yake. Ilikuwa kweli: ile chiti nyekundu ya nyota ya kona ilikuwa kali mno, ikizimeza zile nyingine. Alijua angeweza kuifumua na kuibadili kabla ya saa sita.

Akaikunja hivyo hivyo, akafunga kamba.