Simu ndani ya Beseni

Nilikuwa bingwa. Nasema hivyo kwa kuwa ubingwa wenyewe ndio aibu yangu. Jumamosi nisipokuwa na zamu ya uaskari gerezani Jinja, nilikwenda Bugembe kwenye mihadhara ya dini kando ya barabara kuu, Wakristo upande huu, Waislamu upande ule, na wapita njia katikati wakitafuna mahindi. Mpinzani wangu alikuwa Siraj, muuza vipuri, mtu mpole mwenye maneno makali. Yeye alisema Injili imechezewa. Mimi nilimjibu kwa maandiko ya kale: maelfu ya nakala za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, na kile kipande kidogo cha mafunjo, ukubwa wa kitambulisho cha taifa, chenye maneno ya Yesu mbele ya Pilato juu ya kuishuhudia kweli. Picha ya kipande hicho nilikuwa nayo, nimeitia plastiki. Kisha nilimaliza na mashahidi, mitume waliouawa kwa kusema walimwona Yesu amefufuka: mtu hafi kwa ajili ya uongo alioutunga mwenyewe. Hapo makofi yalikuwa ya kwangu.

Tulikuwa na kanuni. Kabla ya kuanza, kila mzungumzaji aliweka simu yake ndani ya beseni mezani, asije akatumiwa majibu na shehe au mchungaji wake. Ukiigusa, umeshindwa. Kanuni hiyo niliitunga mimi, nilipomshuku Siraj.

Mke wangu Milly ni polisi Mbale. Yeye Mteso, mimi Mwacholi. Kiswahili cha kambini, kile cha askari wa Uganda kisichofuata sarufi, ndicho kilichotukutanisha, na ndicho tulichozungumza nyumbani. Alipanga chumba Namakwekwe, mtaa wa hukohuko Mbale, pamoja na binti yetu Gorreti, mwenye miaka sita. Jumamosi moja ya Februari malaria ilimpanda mtoto kichwani, wakamkimbiza hospitali. Mimi sikujua. Nilikuwa Bugembe, nimefika kwenye mashahidi.

Simu yangu ikaanza kutetemeka. Beseni la plastiki lilinguruma. Nikachungulia, nikaona jina: Milly. Ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza, ikaanza tena. Siraj akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Ojok, shika simu. Sisi hapana hesabu hiyo."

Nikadhani ni mtego. Shetani ni nani kama si mtu anayekuonyesha huruma mbele ya watu? Nikainua ile picha ya mafunjo juu na kuendelea.

Nilishinda siku ile. Nilipopiga simu Mbale, aliyepokea alikuwa askari mwenzake Milly, akaniambia mtoto ametutoka. Siraj alikuja mazikoni kwa bodaboda na basi, akatupia udongo kaburini, akaondoka.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Namakwekwe. Milly alikuwa ameacha kusali na ameshusha msalaba ukutani. Alisema Gorreti ni udongo, na kwamba hana haja tena na Mungu wala na mimi. Basi nikafanya nilichokijua. Niliketi kitandani, nikatoa picha yangu, nikaanza hoja zangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kadi ya hospitali chini ya mto.

"Hii daktari naandika saa ileile," akasema. "Hapana nakala. Inasema mtoto nakufa. Yako iko ya miaka mingi nyuma, inasema mtu nafufuka. Mimi nashika gani?"

"Iko mashahidi, Mama Gorreti. Watu waliona kwa macho."

"Mimi naandika maneno ya mashahidi kila siku. Watu nadanganya."

"Wanadanganya kupata kitu. Hawa walipoteza yote."

Kisha akakaa wima, mikono magotini, kama anavyokaa mbele ya mtu kituoni.

"Sawa. Kuwa shahidi wangu, Baba Gorreti. Ile siku mimi napiga simu mara saba. Mtoto nataka sauti yako tu. Wewe naona simu?"

Wale mashahidi wangu wa kale waliulizwa hivihivi, nao kweli iliwagharimu shingo. Mimi ingenigharimu mke. Nilimpenda, niliogopa, na mdomo haukusita hata kidogo.

"Sikuona," nikasema. "Ilikuwa chini ya zingine."

Alinitazama machoni. Nami nikayakaza yangu. Mabega yake yakashuka, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazikoni, kichwa kifuani kwangu.

"Mimi naamini wewe," akasema. "Na hiyo karatasi yako naamini. Mtu hawezi kudanganya juu ya mtoto yake mwenyewe."

Jumapili tulikwenda kanisani. Milly alisimama kutoa ushuhuda, akawaambia watu kwamba imani yake ilikufa na kwamba mume wake ndiye aliyemrudishia. Wakapiga makofi, na nikayatambua makofi yale. Ile picha ameiweka chini ya mto pamoja na kadi ya Gorreti, na kila usiku hunishika mkono ili niombe. Naomba kwa sauti, vizuri, bila kukosea neno.

Bugembe sijarudi. Siraj aliniuliza nitapanda lini tena jukwaani, nikamwambia sina la kusema. Kila ninapofumba macho niombe, nawaona wale mashahidi wa kale wamekaa kitandani, wake zao wakilia vifuani mwao, nami simwamini hata mmoja.