Ndege Mwenye Pindo

Fundi cherehani hakuwa na ugomvi na ndege, ila hakuona sababu ya kuamka alfajiri kwa ajili yao. Siku hiyo aliamka. Baba wa mchumba wake, karani mstaafu wa posta, alikuwa amesema hatoi jibu la posa kabla hajatembea na kijana huyo hifadhini, na fundi alimpenda yule binti hadi usingizi ulikuwa umemhama.

Wakatembea. Mzee mbele na darubini yake, fundi nyuma na chupa ya chai, daftari na kigoda cha kukunja, viatu vya kuazima vikimbana. Ziwa lilikuwa zuri, hilo alikiri. Ukungu ukipanda, vilima kijani kibichi hadi macho yanapochoka. Lakini kila alipoulizwa ndege gani yule, alijibu, "Wa kahawia." Mzee hakuandika neno.

Walipofika ukingoni, mzee akamshika mkono. "Usipumue. Tazama juu ya mti ule mkavu. Miaka thelathini namtafuta huyo."

Fundi akapokea darubini. Akaona kifua cha manjano, bawa jekundu, mkia mrefu ukicheza na upepo. Kisha, kwa mazoea ya kazi, macho yakashuka kwenye pindo. Lilishonwa kwa mashine, uzi umelegea, na kona moja imefumuka.

Akisema, mzee ataaibika na posa itaota mbawa. Akinyamaza, ndege huyo atasimuliwa kila wakikaa kula, mpaka wajukuu. Nusura anyamaze. Lakini kona ile ilimkera mno. Fundi wa kweli haoni uzi unaning'inia akatulia.

"Baba, naomba radhi," akasema. "Ndege huyu ana pindo. Tena limeshonwa ovyo."

Mzee akakunjua kigoda, akaketi, akamimina chai, akanywa nusu kikombe bila haraka.

"Wa kwanza kuleta posa alisema kamwona akipepesa macho," akasema. "Wa pili alimsikia anaimba. Akaniimbia na wimbo wenyewe."

Fundi akairudisha darubini machoni, akalitazama tena lile pindo.

"Haya, panda ukamshushe huyo ndege," mzee akasema. "Ni kitambaa cha mama mkwe wako. Ana mwaka mzima anakitafuta."