Gari la Marehemu Evarist

Mwijage aliposikia gari la shemeji yake limewaka taa nyekundu, hakuuliza limeharibika nini. Kesho yake asubuhi alifika kwa shemeji huyo, mtaa wa Nyanga mjini Bukoba, akalizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akapiga teke tairi la mbele na kutangaza kwamba limekufa.

"Haya magari ya haibridi, shemeji, betri yake kubwa ikishakwisha umebaki na banda la kuku. Niachie mimi nikuondolee mzigo."

Georgina alimtazama mtu huyo na kitambi chake. Maneno hayo aliyajua. Udongo wa kaburi la mumewe Evarist ulikuwa haujakauka wakati Mwijage, ndugu wa marehemu, alipogundua kwamba kibanja ni mzigo kwa mjane, akamwondolea, migomba na mibuni yote. Kisha akamwondolea ng'ombe. Kilichobaki ni nyumba na hilo gari kuukuu, ambalo kila Jumapili lilimfikisha Muleba kwa mama yake mzazi. Alikwisha kuapa moyoni kwamba gari halitoki. Lakini gari bovu utaling'ang'ania kwa hoja gani mbele ya ukoo?

"Njoo Jumamosi," alisema. "Uje na Annastella, mkeo awe shahidi."

Mwijage aliondoka akipiga mluzi. Fisi naye hufurahi akiitwa kwenye matanga.

Siku hiyohiyo Georgina aliliburuza gari mpaka Kashai, kwa fundi Jamali, likikohoa na kukataa kushika kasi. Jamali alichomeka kipimo chake chini ya usukani, akasubiri, akasoma namba zilizotokea, na uso wake ukawa wa mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.

"Mwalimu, kuna hitilafu mbili. Ya kwanza inasema badilisha betri kubwa. Ya pili inasema betri inapata joto kupita kiasi. Tunaweza kuagiza mpya Dar, au kutafuta iliyotumika, au tuifungue tubadilishe seli zilizokufa tu. Au uliuze kama lilivyo."

"Hilo joto linatoka wapi?"

"Hilo huja na uzee wa betri."

Georgina alikuwa amefundisha watoto wa watu miaka mingi, na jibu la kukisia alilinusa likiwa bado mlangoni. "Mgonjwa ana homa, wewe unakwenda kupima jeneza! Betri inapozwa na nini?"

"Na feni, Mwalimu. Iko pale ubavuni mwa kiti cha nyuma."

"Umeiona?"

Jamali hakuwa ameiona. Alicheka kwa aibu, akachukua bisibisi, akabandua kifuniko. Feni ilikuwa haionekani. Palikuwa na bonge lililoshindiliwa la mabawa makavu, miguu yenye miiba na vichwa vyenye macho, na harufu ambayo hakuna mtu wa Bukoba anayehitaji kuulizia.

"Senene!" alisema Jamali. "Mama, ulipakia magunia mangapi humu?"

Georgina hakuwa amepakia hata mfuko. Ila mwezi wa kumi na moja, senene, panzi watamu wa kukaanga, walipokuwa wamefurika, Mwijage aliliazima gari ili ampeleke shangazi yake Edvina hospitali ya Muleba. Alilirudisha limeoshwa, limepuliziwa manukato kama bwana harusi, na wiki iliyofuata taa ikaanza kuwaka. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe alikuwa na mabawa! Kumbe Mwijage alibeba magunia ya senene, nao wakatoroka njia nzima, na feni ikawa inawavuta.

Hasira ilimpanda, na wala si kwa ajili ya betri. Senene walisafiri kwa magunia kwenye gari la marehemu, na hata konzi moja haikushushwa mlangoni kwake. Msimu wa senene hata jirani mliyegombana naye huonjeshwa.

Jamali alisafisha feni, akafuta zile hitilafu, wakaenda mpaka Bilele na kurudi. Taa haikuwaka tena. "Betri ni mzee, sikufichi," alisema. "Seli moja mbili zitakuja kudai kubadilishwa. Lakini leo hajafa."

"Huo uchafu usiutupe," alisema Georgina. "Nifungie."

Jumamosi Mwijage aliingia sebuleni akiwa na koti, mkewe Annastella nyuma yake. Aliketi kwenye kiti cha Evarist bila kukaribishwa, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

"Taratibu, waitu, ndugu yetu," alisema Georgina. "Mgeni hutafuna kwanza."

Akamwekea mbele kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho kila mgeni wa heshima huwekewa. Mwijage alifunua kifuniko huku anazungumza, akatia vidole, akatoa mabawa.

"Yametoka kwenye feni ya betri," alisema Georgina. "Gari ni zima, linakwenda Muleba kesho. Nami nitapita kumpa pole shangazi Edvina kwa ule ugonjwa uliokufanya uazime gari umpeleke hospitali ya Muleba."

Mwijage alikung'utia vidole kwenye koti. Annastella ndiye aliyeinama juu ya kikapu, akachukua mguu mmoja mkavu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nyumbani kwangu hukuleta hata mmoja," alisema polepole. "Muleba ulimpelekea nani?"